Motisha, Ari na Ubunifu wa Mwalimu: Uhakiki wa Dhana katika Tafiti za Uongozi wa Shule nchini Tanzania

Hoja inayojitokeza mara kwa mara katika tafiti za uongozi wa shule ni kwamba mkuu wa shule mshirikishi huzaa walimu wenye motisha, nayo motisha huzaa ubunifu. Uhakiki huu unakichunguza kiungo cha kati cha mnyororo huo, yaani neno motisha lenyewe.

Katika mazungumzo ya walimu wa Tanzania, motisha hutolewa, hupokelewa na hata hucheleweshwa. Ni posho, zawadi ya fedha au cheti. Kinachomsukuma mwalimu kutoka ndani huitwa ari, nayo haigawiwi. Mtu huwa nayo au huipoteza. Hojaji inayouliza iwapo mkuu wa shule hutoa motisha hupima ugawaji wa zawadi, ilhali hitimisho huandikwa kana kwamba kilichopimwa ni ari. Herzberg, katika kazi yake ya 1959, alitenganisha mambo yanayozuia manung'uniko kazini, ukiwamo mshahara, na yale yanayoleta ridhaa, kama vile mafanikio na kutambuliwa. Amabile naye alionesha kuwa ubunifu hustawishwa na msukumo wa ndani, na kwamba zawadi zinazotumika kudhibiti huweza kuudhoofisha. Utafiti unaowanukuu wataalamu hawa, kisha ukabebesha dhana mbili neno moja, hubomoa msingi uliojijengea.

Athari zake si za kilugha tu. Mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, ulioanza 2013, ulipanga shule kwa kufuata matokeo ya mitihani ya taifa. Katika utamaduni huo, mkuu wa shule anayewazawadia walimu kwa idadi ya alama A hutoa motisha kweli. Hata hivyo, mwalimu wa Biolojia anayetaka kuwapeleka wanafunzi nje kukusanya mimea hutambua kuwa muda huo una faida zaidi ukitumika kupitia mitihani iliyopita. Motisha hupanda na ubunifu hushuka, lakini hojaji huripoti uongozi bora.

Mnamo Januari 2023, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule zilizoongoza. Hatua hiyo ina uzito, ila utamaduni wa shule haufutwi kwa tangazo: ubao wa ufaulu ofisini bado umo mikononi mwa mkuu wa shule.

Kwa hiyo, mshahara na stahiki za mwalimu zichunguzwe kama haki, si kama kipimo cha ari. Ubunifu nao utafutwe katika maandalio ya somo, zana na darasa lenyewe. Swali la msingi kwa mtafiti liwe hili: mbinu mpya inaposhindwa, je, mkuu wa shule humlinda mwalimu, au humwandikia barua ya kujieleza?