Metropolis na Makovu Yake

Filamu bubu ya Metropolis, iliyoongozwa na Fritz Lang na kutungwa na Thea von Harbou, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 10 Januari 1927. Tangu hapo wahakiki wengi wameisifu kwa picha zake na kuilaumu kwa udhaifu wa hadithi yake. Twaamini kwamba lawama hiyo iliangukia nakala, wala si kazi yenyewe. Kwa hiyo aitazamaye nyumbani hana budi kuuliza kwanza ameshika nakala ipi.

Katika kuitayarisha kwa watazamaji wa Marekani, kampuni ya Paramount ilimpa mtunzi wa tamthilia Channing Pollock kazi ya kuifupisha. Jina la Hel, mke aliyefariki wa Joh Fredersen, ambaye Rotwang pia alimpenda, lilifutwa kwa kuwa lafanana na neno la Kiingereza la jehanamu. Jina lilipotoweka, sababu nayo ikatoweka: Rotwang akaonekana mwendawazimu aundaye mwanamke wa chuma bure bure, ilhali kwa kweli alikuwa amefiwa. Ujerumani nako mkasi ukapita, na karibu robo ya filamu ikapotea.

Mwaka 2008 sehemu kubwa ya kilichopotea ilitambuliwa katika jumba la makumbusho ya sinema mjini Buenos Aires. Ilikuwa nakala ya milimita 16, iliyotolewa katika ya milimita 35 bila kusafishwa kwanza, hata mikwaruzo yote ikachapwa ndani ya picha. Ukingo wa picha nao ulikatwa.

Toleo lililotengenezwa kutokana na ugunduzi huo, na kutolewa katika diski tangu 2010, huchukua karibu saa mbili na nusu. Sehemu za zamani zang'aa: mtu aweza kuhesabu madirisha ya majumba. Ghafla yaja mvua ya michirizi, na picha yapungua ukubwa, ukingo mweusi ukibaki mahali palipokatwa. Baadhi ya watazamaji huchukizwa. Sisi twaona huo ndio uaminifu wa mhariri wa muswada wa kale, aachaye pengo lionekane badala ya kulijaza kwa maneno yake. Tena ndani ya mvua hiyo ndimo alimo Georgy, mfanyakazi nambari 11811, na safari yake ya kwenda Yoshiwara. Ndimo Yule Mwembamba anapomwandama Josaphat. Watu hawa, waliokuwa vivuli tu, sasa wana nia na woga.

Nakala za bei rahisi ni jambo jingine. Nyuso zimepauka kama chokaa, na vivuli ni masizi matupu. Lenye kuudhi zaidi kwa mwalimu wa lugha ni maandishi. Katika filamu ya Lang, maneno yaelezayo mji wa wafanyakazi hushuka chini, na yaelezayo anasa za wana wa matajiri hupanda juu. Nakala hizo huweka Kiingereza kilichosimama tuli. Toleo la Giorgio Moroder la 1984, lenye rangi na nyimbo za pop, lina ucheshi wake, lakini si la kufundishia.

Hata hivyo, diski hii nayo haijakamilika. Ugomvi wa Rotwang na Fredersen, pamoja na mahubiri ya mtawa kanisani, bado haujapatikana. Twasimuliwa kwa maandishi tu, katikati ya skrini nyeusi, huku muziki wa Gottfried Huppertz ukiendelea.