Kanga Iliyosomwa na Mama Ntilie

Mama ntilie aliacha kupepea moto, akaisogeza simu karibu na macho, akacheka. "Kumbe huyu binti ana ugomvi na mke mwenzie!"

Vijana wanne waliosimama nyuma yake wakatazamana. Katika video yao hakuna mke mwenza. Kuna kijana anayemsindikiza mchumba wake hadi kivukoni Kigamboni. Binti anakwenda masomoni mbali, na wimbo unauliza kama atarudi. Lakini binti kajitanda kanga, na kanga, mbali ya pindo na mji, ina jina. Vijana waliichagua kwa wekundu wake uliopendeza mbele ya bahari. Jina hawakulisoma. Lilikuwa kijembe cha mwanamke kwa mwenziwe, cha wazi kabisa, na shoti ya karibu ililiweka katikati ya fremu kwa sekunde tatu nzima.

Nilikuwa mshauri wao katika kazi hiyo ya kumaliza mwaka chuoni, na nakiri kwamba mimi pia sikuwa nimelisoma. Ndiyo maana safu ya leo inahusu namna walivyoyafanyia kazi maoni ya watazamaji. Kamera hazina la kusimuliwa: zilikuwa simu mbili.

Onyesho la kwanza tulilifanya darasani, likawa kazi bure. Kabla ya kubonyeza, mhariri aliomba radhi kwamba rangi bado, kisha mwongozaji akasimulia kisa chote. Wenzao wakapiga makofi. "Kali sana," wakasema, na mmoja akaongeza, "Moto!" Jaribu kuhariri video kwa kutumia neno moto. Rafiki anayejua kwamba umekesha wiki mbili haitazami video, anakutazama wewe usoni. Na aliyekwisha kusimuliwa kisa hawezi tena kukuambia kama picha zenyewe zinakisimulia.

Tukabadili utaratibu. Watazamaji wawe watu wasiowajua vijana: abiria kwenye foleni ya kivuko, madereva wa bodaboda kijiweni, wanawake wauza chakula. Video ichezwe kwenye simu ya kawaida, kwa spika yake yenyewe, kwa sababu hivyo ndivyo itakavyotazamwa na wengi. Hakuna utangulizi. Kijana mmoja anatoa simu, mwingine anakaa pembeni na karatasi iliyogawanywa kwa sekunde kumi kumi, anaweka alama kila mtazamaji anapoinua macho. Baada ya hapo maswali matatu: kisa ni nini, wapi ulitamani kuruka mbele, na wapi uliona kitu hakijakaa sawa. Swali la "umependa?" nililipiga marufuku. Kwa adabu zetu, jibu lake ni ndiyo hata video isipochezwa.

Mbinu yenyewe ni ya zamani. Harold Lloyd, mchekeshaji wa filamu bubu za Marekani, katika miaka ya 1920 alikuwa akiwaonyesha watu filamu zake kabla ya kuzitoa rasmi, kisha anarudi kurekebisha palipokosa kicheko. Huko Uingereza, bodi ya mitihani ya OCR kwa miaka kadhaa iliwauliza wanafunzi wa A-level waliotengeneza video za muziki wamejifunza nini kutokana na maoni ya hadhira. Lilikuwa moja ya maswali manne ya tathmini, na tathmini nzima ilibeba alama 20 kati ya 100. Swali zuri, ila likijibiwa kazi ikishafungwa linazaa insha tu. Vijana wetu ilibidi walijibu kwa mkasi.

Alama kwenye karatasi zilirundikana mahali pamoja, kuanzia dakika 1:12 hadi karibu 1:31. Hapo ndipo na ushauri ulipomiminika. Mmoja alitaka gari la kifahari, wa pili madansa, wa tatu akauliza mbona hakuna picha za droni. Vijana wakaanza kuulizia bei ya kukodi droni, nikawazuia. Hata hivyo usiku ule walitengeneza toleo la pili lililomtii kila mtu: madansa wakaazimwa kutoka video nyingine, gari la mjomba wa mmoja wao likachomekwa katikati. Nilipolitazama sikujua tena nani anamsindikiza nani. Toleo lile lilifutwa, na sijalisikitikia.

Mtazamaji nampa nafasi ya mgonjwa. Akisema panauma hapa, mwamini. Akikutajia dawa, mshukuru, kisha upime mwenyewe. Watu watatu waliotaka vitu vitatu tofauti walikuwa wakilalamikia sekunde zilezile.

Kupima kwenyewe kulikuwa hesabu ya shule ya msingi. Wimbo una mapigo 100 kwa dakika, kwa hiyo pigo moja ni sekunde 0.6, na katika video ya fremu 25 kwa sekunde hizo ni fremu 15. Mapigo manne ni sekunde 2.4. Kwenye kiitikio, picha ilikuwa ikibadilika kila mapigo manne. Ubeti wa pili unapoingia, pale 1:12, ngoma inazidi kukolea, lakini picha ilipoa: shoti mbili tu, zote za mwendo wa polepole, kwa sekunde 19. Sikio linasukumwa mbele, jicho linavutwa nyuma. Gari lisingesaidia. Waliingiza shoti tano kutoka kwenye picha walizokwisha kuzipiga, za mwendo wa kawaida, wakabakiza moja tu ya polepole pale binti anapogeuka. Hawakukata kwenye kila pigo, na kwa hilo nawasifu. Video ya namna hiyo inachosha kama mtu anayekupigapiga bega kila anapotamka neno.

Lalamiko lililonifurahisha kuliko yote lilitoka kijiweni. "Huyu jamaa akiwa karibu anaimba, akiwa mbali haimbi," alisema dereva mmoja. Tukamrudishia, akashikilia neno lake. Alikuwa sahihi. Katika shoti ya mbali ya ufukweni, mdomo ulitangulia sauti kidogo sana, kiasi ambacho mhariri aliyeirudia mara mia hakukiona tena. Chanzo chake kilikuwa umbali. Spika ya pleibeki, ile inayopiga wimbo ili msanii aufuate kwa mdomo, iliwekwa mchangani karibu na miguu ya msanii, simu ikapiga picha kutoka kama mita 30. Mwanga hufika papo hapo. Sauti, kwa joto la Dar es Salaam, huenda karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo ilifika kwenye simu ikiwa imechelewa kiasi cha sekunde 0.09. Programu ya kuhariri ililinganisha wimbo safi na ile sauti iliyonaswa na simu, ikauchelewesha vilevile: fremu mbili na kidogo. Waliichelewesha picha fremu mbili, mdomo ukakaa. Siku hizi wanaandika umbali wa spika kwenye karatasi ya shoti.

Ikabaki kanga. Andrew Goodwin, katika kitabu chake cha 1992 juu ya video za muziki, alieleza kwamba picha inaweza kuyaonyesha maneno ya wimbo, kuyakuza, au kupingana nayo. Hapa ilipingana bila mtu kukusudia. Mhariri alipendekeza kulitia jina ukungu. Nikakataa, maana watu wangedhani limefichwa tusi. Ilibidi kurudi kivukoni alfajiri kupiga upya shoti tatu. Safari hii hawakuchagua wenyewe. Walimpelekea mama ntilie kanga tatu, akazisoma, akawapa ile iliyokuwa mbaya kwa rangi kuliko zote, yenye maneno ya kumwombea msafiri. Kanuni yangu ya mgonjwa na dawa ikavunjikia hapo: kwenye kanga, mganga alikuwa yeye.

Toleo la tatu lilionyeshwa kwa watu wapya, kwa kuwa aliyeona la kwanza keshajua kisa. Kwenye 1:12 macho yalitulia. Kwenye shoti ya kanga, kina mama kadhaa walitabasamu. Vijana wa kiume waliipita kama ukuta.

Wapo watakaosema ni rahisi zaidi kupakia YouTube, kisha kusoma mchoro unaoonyesha watazamaji wanapoondokea. Mchoro utakuonyesha wapi, hautakuambia kwa nini. Tena YouTube hairuhusu kuweka faili jipya chini ya anwani ileile. Utapunguza sehemu au utatia ukungu, lakini hutaingiza shoti mpya. Kanga ile nyekundu ingebaki na ugomvi wake.

Kosa moja limesalia. Dakika 2:51 kivuli cha mshika simu kinapita mchangani, wazi kabisa. Hakuna mtazamaji hata mmoja aliyekitaja, wala aliyeinua macho pale. Vijana wamekiacha, na alama zao sikuzipunguza.