Falme Mbili na Binti wa Miaka 15

Mwaka 1523 Martin Luther aliandika kitabu kidogo juu ya mamlaka ya kidunia. Mtawala Georg wa Saksonia alikuwa ameamuru watu wasalimishe Agano Jipya la Kijerumani. Luther akajibu kwamba mtawala ana amri juu ya mwili na mali, lakini roho si yake. Upanga haumfanyi mtu aamini.

Hapo tunakubaliana naye. Hatutaki sheria ya nchi imlazimishe jirani yetu Mwislamu aishi kama Mlutheri, wala sisi tuishi kama yeye.

Lakini kitabu hiki kina upungufu. Luther aliwaandikia watawala, na raia wa wakati wake hawakupiga kura. Kwa hiyo raia anafundishwa zaidi kutii, na kukataa anapoamriwa uovu. Anayeweza kumchagua mtunga sheria hapati mengi humo. Nasi tumezidisha upungufu huo kwa kushika nusu ya fundisho. Jambo gumu likitajwa usharikani, tunasema, "Hiyo ni siasa," tunafunga mjadala kwa sala.

Tuangalie Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mwanamume akitakiwa awe na 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu iliona vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Serikali ilikata rufaa, ikitetea kwamba sheria ilizingatia mila na dini. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliikatalia.

Dini ikitajwa hivyo mahakamani, sisi tunaoikiri hatuwezi kusema hayatuhusu. Luther yuleyule anafundisha kwamba Mkristo hashiki upanga kwa faida yake, bali kwa ajili ya jirani. Na mwaka 1524 aliwasihi madiwani wa miji ya Ujerumani wafungue shule, za wavulana na za wasichana pia. Hakuona kwamba amevuka mpaka wa falme mbili.

Basi tumsome mzima. Tukiulizwa maoni juu ya muswada, tuulize kwanza unamlinda nani. Tena tukumbuke kwamba ridhaa ile inatoka kwa mzazi, na wazazi wengine wanakaa katika mabenchi yetu kila Jumapili. Kwao hatuhitaji kusubiri Bunge.