Q Si ya Malkia Peke Yake

Chati ya alfabeti ya Kiingereza ndiyo maandishi ya kwanza ambayo watoto wengi wa Lamu huyasoma. Iko ukutani mwa chekechea, iko dukani pamoja na madaftari, na nyumba nyingine imebandikwa juu ya kitanda. Tunahakiki riwaya, tunahakiki diwani za mashairi, lakini karatasi hii ya picha ishirini na sita tunaiacha ipite kama tangazo la sabuni. Leo hebu tuisome.

Herufi nyingi hazina ugomvi. F ni samaki, na samaki Lamu tunamjua. Matata huanza kwenye zile herufi ambazo Kiingereza chenyewe ni nadra kuanzia nomino: Q, X na Z. Hapo chati karibu zote husema mamoja. Q ni "queen", X ni "xylophone", Z ni "zebra". Mtoto anakariri, mwalimu anapiga makofi, na sote tunaamini msamiati umeongezeka.

Mtoto wa kakangu, mwenye miaka sita, alinifunza kutilia shaka imani hiyo. Aliweka kidole kwenye ile picha ya X akaniuliza, "Ami, hini ni nni?" Nikamwambia ni zailofoni. "Zailofoni ni nni?" Nikasema ni aina ya marimba. Akaitazama tena. "Sasa mbona hawakuandika marimba?"

Sikuwa na jibu. Kwa kweli, swali lake lilikuwa uhakiki tosha. "Marimba" ni neno la Kibantu ambalo Kiingereza kimelichukua na kulitia katika kamusi zake. "Xylophone" limeundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, la mti na la sauti. Mtoto alikuwa na neno tayari, chati ikampa lingine na kumwacha adhani kwamba lile lake si la Kiingereza. Tena hata hiyo X haitamkwi X pale. Inatamkwa kama z. Kazi halisi ya X katika Kiingereza iko mwishoni mwa maneno: "box", "six", "fox". Na sauti hiyo mtoto anayo mdomoni kitambo, maana anasema boksi, anasema teksi, hata kama katika vichochoro vya mji wake anapishana na punda. Sisi huiandika ks, basi. Chati ingeweza kumwonyesha hilo kwa picha moja ya boksi. Badala yake imemficha.

Tuje kwa Q. Kiswahili tunachokiandika kwa herufi za Kirumi hakina Q, kwa hiyo chati humwona mtoto wa Lamu kama mgeni kabisa wa herufi hii. Lakini mtoto huyo, akitoka shule, huenda chuoni, na chuoni kuna qaf. Mwalimu wa Qurani humrudisha mara kumi mpaka aitoe ndani kooni. Sasa fungua kamusi kubwa ya Kiingereza kwenye Q, utafute maneno yasiyofuatwa na u. Utakuta "qibla". Utakuta "qadi", "qanun" na "qat". Wachezaji wa Scrabble huyakariri maneno ya aina hiyo kama dawa. Sisi tunayajua kwa sura nyingine: kibla, kadhi, kanuni ile ala ya nyuzi ya taarabu ya Unguja, na miraa. Katiba ya Kenya ya 2010, hata katika nakala yake ya Kiingereza, huandika kadhi kwa K yetu. Kumbe Q si ya malkia peke yake.

Z nayo ni hivyo hivyo. Punda milia ni sawa, simkatai, ila kwa mtoto wa kisiwani ni mnyama wa picha tu. "Zero" je? Hilo na sifuri yetu ni watoto wa neno moja la Kiarabu, sifr. Moja lilipitia Italia, jingine likaja huku. "Zenith", ile pointi ya anga iliyo juu ya utosi, ilitokana na samt ya Kiarabu. Waandishi wa Ulaya waliisoma m kama ni, na kosa lao likawa neno. Hata X ina chake: "xebec", jahazi la milingoti mitatu la bahari ya Mediterania, ambalo jina lake nalo limetoka kwa Kiarabu. Mtoto aliyeona majahazi yakitia nanga mbele ya mji ataisahau vipi picha hiyo?

Lamu imewahi kuishi na tatizo hili kwa upande wa pili. Muhamadi Kijuma, mwandishi na mchonga milango wa mji huu aliyefariki 1945, alinakili tenzi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Herufi hizo zilizaliwa bila p, bila ch, bila v, na alama zake za irabu ni tatu ilhali sisi tunazo tano. Katika hati za zamani, be moja ingeweza kusimama badala ya b, p au mb. Watu walisomaje? Walisoma kwa sababu neno walilijua kabla ya herufi. Sikio lilitangulia, jicho likafuata. Chati zetu zimegeuza mambo: zinatoa herufi kwanza, kisha picha, na neno lenyewe linabaki yatima.

Najua nitakachoambiwa. Mtihani hauulizi "qibla", unauliza "queen". Tena si kila mtoto wa kaunti hii huenda chuoni. Kuna wa Mpeketoni wenye lugha nyingine nyumbani na Jumapili yao kanisani. Yote kweli. Sisemi tumng'oe malkia. Nasema awekewe jirani. "Queen" ibaki, na kando yake "qibla". "Xylophone" ibaki, na chini yake boksi na marimba. Mpeketoni nako mwalimu atafute jamaa za huko. Neno geni hukaa kichwani likipata ndugu wa kulishika mkono. Likikaa peke yake, litatoka siku ile ile mtihani unapokwisha.

Lakini hofu yangu kubwa ni kile mtoto anachojifunza bila kuambiwa: kwamba Kiingereza ni nyumba ya watu ambayo yeye anabisha hodi akiwa mikono mitupu. Si kweli. Katika vyumba vyake vya ndani kabisa, kule kwenye herufi ambazo hata wenyewe huzitembelea kwa nadra, kuna vyombo vilivyotoka pwani kama hii.

Ile chati ya nyumbani kwetu bado iko ukutani. Chini ya zailofoni kuna neno moja limeongezwa kwa penseli, kwa mkono wa mtoto, herufi zimepinda: marimba. Mamake alitaka kulifuta. Nikamwomba, shemeji, liache.