Kielezi Baada ya Jina: Watu wa Hapa na Watu Walio Hapa

Tuseme kwamba kwenye ukuta wa ghala moja la mahindi mjini Songea limebandikwa tangazo lenye maneno haya: "Wakulima hapa watalipwa Jumatatu." Tangazo hili ni la kubuni, lakini ndugu zake wa kweli tunawasoma kila siku magazetini na kwenye mbao za matangazo. Mkulima aliyetoka Namtumbo na magunia yake akilisoma atasimama kidogo. Je, yeye yumo? Iwapo mwandishi alikusudia wakulima wa hapa, yaani wenyeji wa Songea, basi mtu wa Namtumbo hana lake siku hiyo. Iwapo alikusudia wakulima walio hapa, basi yumo, maana amesimama papo hapo. Na huenda mwandishi hakukusudia lolote kati ya hayo, bali alitaka kusema kuwa malipo yatafanyika hapa wala si benki. Maana tatu zimetoka katika tangazo la maneno manne, na fedha ya mtu imo ndani yake.

Makala haya yanahusu neno hilo hapa, na wenzake kama jana, kesho, juu na nje, yanapowekwa nyuma ya jina, au nomino kama wasemavyo wengi leo.

Vitabu vingi tulivyosomea vilitufundisha kwamba kielezi ni neno linalotoa habari zaidi juu ya kitenzi, kivumishi au kielezi kingine. Mwanafunzi hulikariri fungu hilo la maneno, akalijibia mtihani, akapata maksi zake. Kisha akitoka nje ya darasa humwamkia mzee kwa kusema, "Habari za leo?" Leo ni kielezi, na hapo hakuna kitenzi hata kimoja. Vivyo hivyo twasema mwalimu hasa, mtoto sana, chumvi kidogo, maji tu. Maelezo ya vitabuni hayatoshi, na mwalimu anayeyafundisha bila nyongeza humwacha mwanafunzi mwerevu na swali ambalo hathubutu kuliuliza.

Kwa upande wa Kiingereza mambo huonekana mepesi. Mwingereza husema "the people here", "the meeting yesterday", "the page opposite", naye haweki kiungo chochote kati ya jina na kielezi. Jambo hili ni la kawaida kabisa katika mazungumzo yake, wala si uzembe. Lakini lina mipaka. Vielezi vinavyokubali kukaa hivyo ni vya mahali na vya wakati. Vile vya namna ya kutenda vinakataa. Hakuna Mwingereza atakayesema "the man quickly" akikusudia mtu mwepesi. Mwanafunzi wetu asiyeambiwa habari hii huanguka katika shimo jingine: huchukua watu wa hapa, akatafsiri neno kwa neno, akaandika "the people of here". Mwalimu hupiga mstari mwekundu, na mara nyingi haelezi kwa nini. Sababu ni kwamba -a yetu, aliyoiita Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944 -a ya uhusiano, hufanya kazi nyingi kuliko "of" ya Kiingereza. Yetu hushika jina, hushika kitenzi-jina, hushika kielezi: chakula cha jioni, maji ya kunywa, habari za jana. Ile ya Kiingereza hupenda majina, na vielezi kama hivi huviepuka.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Maneno "the people here" yanaweza kuwa na maana ya wenyeji wa mahali, na pia yanaweza kuwa na maana ya watu waliopo kwa wakati huu. Kiingereza huyaacha yote mawili katika chungu kimoja, na msikilizaji hutambua kutokana na mazungumzo. Kiswahili hakikubali. Kinamtaka msemaji achague: watu wa hapa, au watu walio hapa. Wa kwanza ni wa mahali hata wakiwa safarini Dar es Salaam. Wa pili ni wa mahali kwa saa hiyo tu, na kesho huenda wakawa Mbinga. Kiungo -a huonyesha uhusiano unaodumu, na kitenzi kishirikishi chenye kirejeshi huonyesha hali ya sasa. Mtu akiondoa vyote viwili, akaandika watu hapa, hajapata ufupi wa Kiingereza. Amepoteza tofauti ambayo lugha yake ilikuwa imemwekea tayari, na ndiyo hiyo iliyompoteza mkulima wetu wa Namtumbo.

Wako watakaosema kwamba kasoro hii inatokana na lugha za nyumbani. Sikubali. Kingoni, Kimatengo na Kindendeule ni lugha za Kibantu, na kiungo -a kimo katika ukoo huo mzima. Mtoto wa Peramiho au wa Mbinga huja shuleni akiwa nacho mdomoni. Naona afadhali tuutazame upande mwingine: sekondari, ambako masomo karibu yote hufundishwa kwa Kiingereza, na magazeti, ambayo katika vichwa vya habari huandika "Mafuriko Dar" kwa sababu nafasi ni finyu. Katika kichwa cha habari sina ugomvi. Ugomvi wangu huanza pale ufupi huo unaposhuka hadi katika habari yenyewe, kisha katika insha ya mwanafunzi, kisha katika muhtasari wa mkutano wa kijiji, mahali ambapo nafasi ilikuwapo tele.

Hata hivyo haifai mwalimu akate kila jina linalofuatwa na kielezi bila kiungo. Twasema mwaka jana na mwaka juzi, na hakuna anayetuona wakosaji. Mazoea yamekwisha kuyafunga maneno hayo pamoja. Jana ya hapo si siku iliyotangulia leo, bali ni kipindi kilichopita. Hatuwezi kuendelea na kusema saa jana. Mfano mwingine uko mlangoni petu: Songea Mjini, jina la jimbo la uchaguzi. Mjini ni kielezi cha mahali, nacho kimeliandama jina bila kiungo chochote ili kuitenga sehemu moja ya Songea na nyingine. Ukigeuza mpangilio ukasema mjini Songea, umesema jambo jingine: umetaja mji, kisha ukaupa jina lake. (Songea Mbano, nduna wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Maji Maji, alikuwa mtu, na mtu hagawanyiki kuwa wa mjini na wa vijijini. Mgawanyo huo uliwezekana pale jina lake lilipokuwa jina la mahali.)

Kuna mtego mmoja ambao Kiingereza hakina na ambao walimu wengi huupita bila kuuona. Vielezi vyetu vya namna vingi huanza kwa vi-: vizuri, vibaya, vigumu. Vivumishi vya majina ya ngeli ya vitu navyo huanza vivyo hivyo. Sasa mwanafunzi anapoandika, "Juma alisoma vitabu vizuri," je, vitabu ndivyo vilivyokuwa vizuri, au usomaji wa Juma ndio uliokuwa mzuri? Hakuna awezaye kujua. Laiti angesoma gazeti, tungetambua mara moja, maana gazeti zuri si sawa na gazeti vizuri. Dawa ni kukisogeza kielezi karibu na kitenzi chake: "Juma alisoma vizuri vitabu vile." Jambo hili lafaa kufundishwa pamoja na lile la kitenzi-jina: twasema kutumia mbolea vizuri, kwa kuwa kutumia bado kuna nguvu ya kitenzi, lakini twasema matumizi mazuri ya mbolea, kwa kuwa matumizi yamekwisha kuwa jina kamili na yanadai kivumishi chenye upatanisho. Anayeandika "matumizi vizuri" amesimama na mguu mmoja huku na mwingine kule. Pengine hupotoshwa na maneno kama bora na safi, ambayo hukaa nyuma ya jina bila kubadilika, akadhani kila neno laweza kukaa hivyo.

Kwa darasa la kidato cha pili, zoezi moja latosha kwa kipindi kizima. Mwalimu aandike ubaoni "Wakulima hapa watalipwa Jumatatu", awagawe wanafunzi katika vikundi vitatu, na kila kikundi kipewe maana moja kati ya zile tatu kiiandike upya isiweze kusomwa vinginevyo. Kikundi cha kwanza kitaandika "Wakulima wa hapa watalipwa Jumatatu". Cha pili kitaandika "Wakulima walio hapa". Cha tatu ndicho kitakachochelewa, kwa sababu kitalazimika kukiondoa kielezi mahali pake na kukipeleka nyuma ya kitenzi: "Wakulima watalipwa hapa Jumatatu." Kisha mwalimu aulize ni tangazo lipi kati ya hayo matatu ambalo mtu wa Namtumbo angelisoma na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo.