Mkarafuu wa Waya

Al Khoudh, Oman, haina reli, ila kwenye meza ya ami yangu gari la moshi la Bububu bado linapita. Reli yenyewe ilijengwa Unguja mwaka 1905, maili 7 hivi kutoka mjini hadi Bububu.

Mimi sifa zangu naipa miti yake. Injini hununuliwa, miti ya dukani, Mungu anisamehe, ni mipira ya kijani juu ya vijiti. Ami huchukua waya mkuukuu wa umeme, akauchuna, akazisokota nyuzi za shaba: chini mizizi, juu matawi. Gundi na mchanga laini wa wadi, bonde la mto mkavu, huwa gome. Majani ni sponji ya godoro iliyosagwa kwenye blenda (mkewe kashasema mpaka kachoka) na kutiwa rangi.

Kipimo cha modeli yake ni 1:87, kwa hiyo mnazi wa mita 20 husimama sentimita 23. Minazi ya mwanzo ilinyooka kama nguzo za simu, akaing'oa yote. Mkarafuu ndio kazi. Ncha za matawi huzitia wekundu kidogo kwa brashi ya nywele tatu, kwani majani yake machanga hutoka mekundu.