Kuhesabu Ndani ya Tope

Kimbunga Harvey kilipopiga Texas, Marekani, mwezi Agosti 2017, maji baridi yaliyoingia Ghuba ya Galveston yalikuwa takriban mara tatu ya ujazo wa ghuba yenyewe. Maji ya chumvi yakasukumwa nje. Fitoplanktoni, vile vimea vidogo vinavyoelea vilivyozoea chumvi, vikazolewa nayo au vikafa. Wageni wa mtoni, mwani wa kijani na sayanobakteria, wakashika nafasi. Mto huleta rutuba, lakini huleta na tope linaloziba jua: karamu imeandaliwa gizani. Setilaiti zinazosoma rangi ya bahari nazo hupotoshwa na tope hilo. Kazi ya kuvihesabu vimea hivyo inarudi kwa mtu mmoja na hadubini yake.

Anaidondoshea chupa ya maji ya ghuba iodini ya Lugol mpaka maji yafanane na chai ya rangi isiyokolea. Iodini huua seli, huzihifadhi, na huzipa uzito wa kuzama. Chupa haitikiswi. Inapinduliwa taratibu, juu chini, maana daitomu nyingi, vimea vyenye gamba la kioo, hushikana minyororo, na mkono wenye pupa huikata. Maji yanamiminwa kwenye silinda yenye kitako cha kioo chembamba. Kifuniko kinatelezeshwa kutoka ubavuni, hewa isibaki. Kisha yanaachwa yatulie mpaka kesho yake. Utaratibu huu aliupanga Mjerumani Hans Utermöhl, akauchapisha mwaka 1931, na ungali ukitumika.

Tope ndilo mtihani. Akitia maji mengi, seli zinafukiwa. Akipunguza mno, zilizo adimu zinampita. Basi anajaribu, anamwaga, anaanza upya. Lenzi inatazama kutoka chini. Anapita mstari kwa mstari: seli iliyokanyaga mpaka wa kushoto inahesabiwa, ya kulia inaachwa, isije ikahesabiwa mara mbili. Akifikisha seli 400, kosa la hesabu linashuka hadi karibu asilimia 10.

Mimi humtazama zaidi mkono unaolenga lenzi. Hautulii. Unazungusha kirungu mbele na nyuma, kidogo mno, kumtafuta aliyejificha nyuma ya chembe ya mchanga. Gamba la daitomu linang'aa. Lina kitu ndani? Gamba tupu ni maiti, pengine mto umeibeba kutoka mbali, haliingii hesabuni. Anazungusha tena, anangoja. Kivuli cha kahawia kinajitokeza ndani ya kioo, na kidole kinabofya kihesabio mara moja.